Ngamia Si Mkutubi

Wasee, leo tusome Katiba kidogo. Msikimbie, ni dakika moja tu.

Fungua Katiba ya 2010, nenda mwisho mwisho huko kwenye Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Hapo ndipo kazi za kaunti zimeandikwa. Namba 4 inahusu utamaduni, burudani na huduma za umma, na imegawanywa kwa herufi. Herufi (a) ni kamari. (b) ni mbio za mashindano. (c) ni leseni za pombe. (d) ni sinema. (e) ni maonyesho ya video na kukodisha video. Ndipo unafika (f): maktaba.

Sisemi waliopanga orodha hiyo walikuwa na nia mbaya. Herufi si cheo. Lakini angalia mitaa yetu uniambie kama haikutekelezwa kwa mpangilio huo huo. Kamari imeshafika kwenye kila simu, hadi ya kijana anayechunga mbuzi. Video ndiyo usiseme. Sasa nionyeshe chumba cha umma ambacho mtoto wa miaka minane anaingia bila kufukuzwa, anakuta vitabu vya rika lake, na anakuta mtu mzima aliyefundishwa kazi ya kumhudumia. Hapo utanyamaza kidogo.

Mimi niko Garbatulla. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliisha kabla hamu ya kusoma haijaisha, na siku hizi natengeneza video na kuandika maoni kama haya. Kila nikiweka picha ya ngamia mtandaoni, lazima mtu wa Nairobi aulize: "Si huko kwenu ndio ngamia hubeba vitabu?" Jibu fupi ni kwamba hao ngamia walianzia Garissa. Jibu refu ni historia, na ni historia inayotuhusu wote, hata wewe wa Buruburu uliye na maktaba karibu na stendi.

Vitabu vilikuja, lakini si kwetu

Maktaba ya umma si jambo geni Kenya. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903. Nairobi ilipata McMillan mwaka wa 1931, lile jengo la nguzo kubwa lenye sanamu za simba mlangoni, lililojengwa na Lucie McMillan kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan. Ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika angeweza kufagia pale, lakini kukaa asome, hapana. Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua usimamizi wake 1962, yaani zaidi ya miaka 30 baadaye.

Wakati simba hao wanalinda vitabu Nairobi, huku kwetu palikuwa panaitwa Northern Frontier District, NFD. Kulikuwa na sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, halafu ikaja nyingine ya 1934. Maana yake kwa mtu wa kawaida ilikuwa moja: kuingia au kutoka ni kwa kibali. Sehemu moja ya nchi ilifungiwa mlango wa maktaba. Sehemu nyingine ilifungiwa mlango wa kutoka.

Mwaka wa 1948 likaanzishwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau. Hawa walichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za hapa, na pia walikuwa na wazo ambalo mimi bado naliona zuri: maktaba ya sanduku. Wanajaza sanduku vitabu, wanalituma kwenye shule au kituo, likisomwa linarudi, linakuja lingine. Kulikuwa hata na maktaba ya posta. Unaandika barua, unatumiwa kitabu, unasoma, unarudisha. Fikiria hiyo kama kupakua faili kwa kasi ya lori la posta.

Lakini angalia vizuri lile sanduku. Lilibeba vitabu tu. Likishafika, mwenye kulifungua ni mwalimu aliyechoka au karani mwenye kazi nyingine kumi. Kama mtoto hajui achague kipi, sanduku halisemi. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Mwaka wa 1960 mtaalamu wa maktaba wa shirika hilo, Sidney Hockey, alitoa ripoti akipendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya kitaifa ya maktaba. Tanganyika ikapitisha sheria yake 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Na kwa sababu maktaba bila wakutubi ni stoo, Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka wa 1963. Wakenya walivuka Malaba kwenda kusomea kazi hii. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo chake cha sayansi za habari 1988.

1965 na 1967

Hapa ndipo mtu wa Garbatulla anatakiwa kusoma polepole.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Maktaba ilipitishwa 1965. Mwaka huo huo serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, ule wa ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulisema pesa za maendeleo zipelekwe kwenye maeneo yatakayozalisha zaidi, yaani penye mvua, udongo mzuri, reli na barabara. Kwa hiyo nchi iliahidi maktaba kwa wote na mkono wa pili ikasema maendeleo yaanzie penye mvua. Huku mvua ni mgeni. Unaweza kujimalizia hesabu.

Halafu Huduma ya Maktaba ikaanza kazi yenyewe 1967. Muulize akko wako mwaka huo Garbatulla palikuwaje. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa NFD tangu Desemba 1963, wiki mbili baada ya uhuru, kwa sababu ya vita vya Shifta. Kufikia 1966 na 1967 watu wa Waso walikuwa wamekusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyolindwa na askari: Garbatulla, Merti, Modogashe. Mifugo iliuawa au ikafa kwa kukosa malisho. Wazee wanakiita kipindi hicho Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Makubaliano ya amani yalitiwa sahihi Arusha Oktoba 1967. Na 1970 ikapitishwa sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huku.

Kwa hiyo mwaka ambao maktaba za taifa zinafungua milango, bibi zetu walikuwa ndani ya ua, ngamia wakiwa mizoga. Siandiki hivi ili mtu alie. Ninaandika kwa sababu watu hupenda kusema wafugaji "hawana utamaduni wa kusoma". Utamaduni wa kusoma haumwagiki kutoka angani. Unajengwa kwa pesa, kwa majengo na kwa watu, na hapa pesa, majengo na watu vilielekezwa kwingine kwa maandishi kabisa.

Kuna kitu kingine kinaniuma. Mwaka wa 1979 mwanaanthropolojia Gudrun Dahl alichapisha kitabu kizima kuhusu Waso Borana, Suffering Grass. Kilichapishwa Stockholm. Ni utafiti wa maana, unaeleza mifugo, familia, na jinsi watu walivyofilisika. Mimi nilisikia jina la kitabu hicho nikiwa chuoni, mbali na nyumbani. Sijawahi kukutana na kijana wa hapa aliyekishika mkononi. Historia yetu iko kwenye rafu za Uswidi na sisi tunaisikia kwa vipande, jioni, mzee akiwa na hamu ya kusema.

Ngamia wanaingia

Sasa tuje kwa ngamia. Oktoba 1996 Huduma ya Taifa ya Maktaba ilianzisha maktaba ya ngamia Garissa. Ilianza na ngamia watatu, na baadaye huduma ikafika Wajir pia. Mpango wenyewe ni rahisi na wa akili. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine anabeba hema, wa tatu vifaa vilivyobaki. Wakifika kwenye shule au manyatta, hema linasimamishwa, mkeka unatandikwa, vitabu vinapangwa, watoto wanakaa chini wanachagua. Vitabu vinaazimwa, msafara unarudi baada ya muda kubadilisha. Gari lingekwama mchangani na kumaliza bajeti kwa mafuta. Ngamia hakwami na hanywi dizeli.

Dunia ilipenda sana. Mwaka wa 2005 Margriet Ruurs alitoa kitabu cha watoto kuhusu maktaba za ajabu duniani, na Kenya imo ndani. Kinaitwa My Librarian Is a Camel, yaani mkutubi wangu ni ngamia. Mwaka wa 2007 Mmarekani Masha Hamilton akaandika riwaya nzima, The Camel Bookmobile. Wapiga picha walikuja. Picha ni ile ile: ngamia, mchanga, mtoto, kitabu.

Sina ubaya na picha hiyo. Mimi mwenyewe najua ngamia analeta watazamaji kuliko kitu kingine chochote ninachoweka. Lakini lile jina la kitabu cha 2005 limebeba tatizo lote bila kukusudia. Ngamia si mkutubi. Ngamia ni lori. Mkutubi ni yule jamaa anayetembea pembeni, shuka mabegani, ambaye kwenye picha amekatwa nusu. Ndiye anayejua kwamba kijiji hiki wasichana wengi wameishia darasa la sita, kwa hiyo vitabu vya leo visiwe vigumu wala vya kitoto. Ndiye anayemwona yule mvulana wa nyuma anayeshika kitabu kichwa chini. Kazi yake haipigwi picha vizuri, ndiyo maana hakuna anayeitolea pesa.

Ukitoa ngamia ukaweka pikipiki, maktaba inaendelea. Ukitoa mkutubi, unarudi kwenye lile sanduku la 1948.

Kazi yenyewe ni gani?

Wengi tunadhani mkutubi ni mtu wa kugonga mhuri na kusema "shhh". Kupanga vitabu kwa namba ni ujuzi halali, mfumo wa Dewey umekuwepo tangu 1876 na unafanya kazi. Ila kumhudumia mtoto ni ujuzi mwingine kabisa, na nchi zilizofaulu zilikubali mapema kwamba lazima ufundishwe.

Mwaka wa 1901 maktaba ya Carnegie ya Pittsburgh, Marekani, ilikuwa na shule maalum ya kufundisha wakutubi wa watoto. Shule nzima, kwa kazi ambayo wengine walidhani ni ya kubembeleza tu. New York, mwaka wa 1906, Anne Carroll Moore alipewa jukumu la kuongoza kazi za watoto katika matawi yote ya maktaba ya jiji. Na mwaka wa 1921 maktaba hiyo ya New York ikaajiri Pura Belpré, mwanamke kutoka Puerto Rico. Aliona watoto wa kwao hawaingii maktaba kwa sababu wanadhani ni ya wanaozungumza Kiingereza peke yao. Akaanza kuwasimulia hadithi za Puerto Rico kwa Kihispania. Watoto wakaja, wazazi wakaja. Alipokosa hadithi za kwao kwenye rafu, akaziandika mwenyewe, na ya kwanza ikachapishwa 1932.

Soma tena hiyo ukiwa Garbatulla. Mtoto wa hapa anaota kwa Kiborana, anacheza kwa Kiborana, halafu kitabu cha kwanza anachopewa kinazungumzia theluji.

Kwa vijana, mtu wa kumjua ni Margaret Edwards wa maktaba ya Enoch Pratt, Baltimore. Aliingia pale 1932 na akapewa vijana, kundi ambalo hakuna aliyelitaka, kwa sababu tunapiga kelele na hatujui tunachotaka. Edwards aliwalazimisha wakutubi wake wasome. Si kusoma majalada, kusoma vitabu vyenyewe, mamia, kisha wajadili naye, ndipo waruhusiwe kumshauri kijana. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kumuuzia mtu kitabu ambacho wewe mwenyewe hukukifungua. Na mnajua alichofanya miaka ya 1940? Alikodi farasi na mkokoteni, akajaza vitabu, akaingia mitaa ya maskini ambako watu hawakuwahi kukanyaga maktaba. Farasi Baltimore, miaka 50 kabla ya ngamia Garissa. Tofauti ni kwamba Marekani leo jina linalokumbukwa ni la Edwards. Farasi amesahaulika.

Mnasema Marekani ni mbali? Sawa, twende hapo jirani, Ethiopia. Yohannes Gebregeorgis alikimbia nchi yake akiwa kijana, akafika Marekani, akasomea ukutubi, akawa mkutubi wa watoto kwenye maktaba ya umma ya San Francisco. Hapo akagundua rafu zina lugha nyingi lakini hakuna kitabu cha watoto cha Kiamhara. Akaandika kimoja, Silly Mammo, kwa Kiamhara na Kiingereza. Kisha akarudi nyumbani. Mwaka wa 2003 akafungua maktaba ya watoto ya Shola, Addis Ababa, na shirika lake likaanzisha maktaba ya mkokoteni wa punda mji wa Hawassa. Huyu hakuanza na punda. Alianza na ujuzi, punda akafuata.

Na kwetu wenyewe, karibu 2012, maktaba ya umma ya Kibera ilileta tableti kwa watoto. Haikugawa tu mashine. Wakutubi walikaa na watoto, wakawaonyesha jinsi ya kutafuta jambo, na kuzihusisha na masomo ya shule. Nairobi pia kuna Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, linalokarabati McMillan na maktaba za Kaloleni na Makadara. Jengo lililowafungia babu zetu nje, leo watoto wa Eastlands wanazungumziwa ndani yake kama wenyewe. Kwa hiyo inawezekana, na inawezekana Kenya hii hii.

Ukikusanya yote hayo, mafunzo ya kuhudumia watoto na vijana yanahusu mambo machache ya kawaida tu. Kusoma kwa sauti ukiwa umeshika kitabu kwa pembeni, picha zikiwaelekea watoto, si wewe. Kujua tofauti ya mtoto wa miaka minne anayetaka mdundo na urudiaji, na wa miaka tisa anayetaka kujua mamba anakula nini. Kumuuliza kijana "mara ya mwisho ulifurahia nini, hata kama ni filamu?" badala ya "unataka kitabu gani?" Kumpa msichana kitabu kuhusu mwili wake bila kutangaza kwa chumba kizima. Kulinda watoto: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Kupanga vipindi vya likizo. Haya hayahitaji digrii ya miaka minne. Yanahitaji wiki kadhaa za mafunzo mazuri, mazoezi, na mtu wa kukurekebisha.

Majibu kwa wanaojiandaa kunipinga

La kwanza: "Watoto siku hizi wana simu, nani asome?" Sawa, simu ipo. Lakini tayari simu inamchagulia mtoto cha kuangalia. Inamletea kile kitakachomfanya akae, haimletei kile alichokuwa akitafuta. Mimi nafanya kazi ndani ya mfumo huo, najua unavyolishwa. Isitoshe, ukitoka mjini hapa mtandao unakatika na bando linaisha. Kitabu hakihitaji chaji.

La pili ni zito zaidi: "Kaka, watu wamepoteza mifugo, wewe unaleta habari za hadithi?" Hili silipuuzi. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Nimeona boma likibaki na mbuzi wawili. Maji ni kwanza, chakula ni kwanza, hakuna mjadala. Ila angalia nini hutokea baada ya ukame. Familia iliyopoteza mifugo inahamia kando ya mji. Mtoto aliyefundishwa kusoma nyayo, mawingu na afya ya ngamia anajikuta mahali ambapo ujuzi wote huo hauna mnunuzi, na kinachotakiwa ni karatasi. Akishindwa kusoma vizuri, mji unamweka pembeni mara ya pili. Kwa mtoto huyo, kusoma ni kama mfugo mpya. Usimwambie angoje hadi kila kitu kingine kiishe. Babu yake aliambiwa angoje mwaka wa 1965.

La tatu: "Jengeni maktaba basi." Hapana, hapo ndipo tunapotea. Kenya inapenda jengo kwa sababu jengo lina utepe wa kukatwa na jiwe lenye jina la mheshimiwa. Nimeona majengo ya umma yaliyozinduliwa kwa shangwe yakigeuka makao ya popo. Ningependa tuanze upande wa pili. Mtu kwanza. Halafu vitabu. Halafu usafiri, uwe ngamia, punda au pikipiki. Jengo liwe la mwisho. Shule zina madarasa matupu jioni na wakati wa likizo. Dugsi zina mikeka na watoto tayari wamekaa. Kivuli cha mti hakina kodi.

Tuna nini tayari

Watu husema Garbatulla hakuna kitu. Hebu tuhesabu.

Ngamia tunao. Wameongezeka tena, na vijana wa kuwaongoza wapo, wengi wao wamemaliza kidato cha nne na wamekaa tu kwenye kituo cha bodaboda. Wasichana waliomaliza shule ya upili na wanaosubiri maisha yaanze wapo pia. Hawa ndio wakutubi wasaidizi, wakifundishwa na kulipwa.

Hadithi tunazo. Akko mmoja wa hapa ana visa vya fisi na sungura kuliko rafu nzima ya kitabu cha kuagiza. Anajua kusimama mahali pa kutisha, anajua kurudia neno mpaka mtoto alimalizie mwenyewe. Pittsburgh walifungua shule kufundisha ujuzi huo. Sisi tunao bure, na tunauacha uzikwe mmoja mmoja. Alipwe kama msimulizi, arekodiwe kwa ruhusa yake, hadithi ziandikwe kwa Kiborana na Kiswahili, watoto wachore picha. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha mtoto wa Waso. Mtaala wa sasa wenyewe unataka madarasa ya chini yajifunze lugha ya nyumbani. Vitabu vya lugha hiyo vitatoka wapi kama si hapa?

Na wasikilizaji tunao. Mimi nikiketi mahali na simu nikirekodi, baada ya dakika tano nina watoto 20 wamenizunguka.

Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye bajeti.

Tarehe za kuandika kwenye simu yako

Historia yote hii itabaki kuwa hadithi ya huzuni kama tutaishia kupenda posti na kupita. Kwa hiyo, kazi ya nyumbani.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kufikia 28 Februari inawasilisha karatasi ya mikakati ya fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Kila hatua wananchi wana haki ya kutoa maoni. Huku kwetu wadi ni tatu, Garbatulla, Kinna na Sericho, na mikutano hiyo ikiitwa mara nyingi wanaojaa ni wazee, nao wanaomba maji na barabara, na wako sahihi. Vijana tunakuwa wapi? Tunasubiri matokeo tulalamike mtandaoni.

Mwaka huu nenda. Maoni ya maandishi yanakubalika, hata nusu ukurasa. Usiandike "tunaomba maktaba", kwa sababu utapewa jiwe la msingi. Andika hivi:

"Chini ya Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, 4(f), tunaomba wadi yetu itengewe mishahara ya mkutubi mmoja wa watoto na vijana na wasaidizi wawili kutoka hapa hapa, gharama ya mafunzo yao, vitabu vya Kiborana, Kiswahili na Kiingereza, na usafiri wa kuvifikisha kwenye manyatta. Tunaomba huduma ianze likizo ijayo kwenye madarasa yaliyopo."

Nakili, weka jina lako na namba ya kitambulisho, peleka nakala mbili, na ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa. Huo mhuri ni muhimu kuliko hotuba. Mwakilishi wadi akisema hakuna aliyeomba, unamwonyesha karatasi.

Kama uko Marsabit, Kwale, Turkana au hata Eastlands, badilisha jina la lugha na ulipeleke kwenu. Na kama umewahi kumwona yule mtu anayetembea pembeni ya ngamia wa vitabu kule Garissa au Wajir, niandikie. Sitaki picha ya ngamia, ninazo za kutosha. Nataka kujua huyo mtu huwafanyaje watoto wanyamaze wakati hadithi inaanza.